Magadi si munyu: Zinafanana sufuriani, zinatofautiana mwilini

Ukitaja soda mbele ya vijana wa Nairobi, kila mtu anawaza chupa baridi na mandazi mawili. Leo si hiyo ninayotaka kukuzungumzia, ingawa nayo ina undugu na hii, utaona. Nazungumzia soda ile ya mawe, magadi, ambayo mama mboga wa mtaani kwenu anakufungia kwenye kipande cha gazeti kwa shilingi kumi. Na nazungumzia ndugu yake, potashi, ambayo huenda umeila tangu utotoni bila kujua jina lake la shuleni. Kwetu Magharibi tunaiita munyu.

Niliingia kwenye habari hizi bila kupenda. Mama yangu aliambiwa kliniki kwamba presha imepanda na apunguze chumvi. Mama ni mtu wa kufuata maagizo. Siku hiyohiyo kopo la chumvi liliondoka mezani, na majirani wakaambiwa kwamba nyumba hii sasa haina chumvi, anayeitaka aje na yake. Miezi miwili baadaye presha iko palepale. Muuguzi anauliza, "Mama, kweli umeacha chumvi?" Mama anaapa.

Jumapili moja nilipanda matatu hadi kwake Kayole kula mrenda. Nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni nilimwona anaponda kitu kwa mgongo wa kijiko. Punje za rangi ya kijivu zenye wekundu kidogo. Akazichota, kijiko kizima, akatia sufuriani. Povu likapanda.

"Mama, hiyo si chumvi?"

"Chumvi niliacha, baba. Haya ni magadi tu. Ni kama munyu wa kukhu wako."

Nilinyamaza, kwa sababu sikujua jibu. Magadi na munyu ni kitu kimoja? Wewe ungejibu nini?

Tuanze na pale ambapo mama hakukosea. Sufuriani, viwili hivi vinafanya kazi ileile. Magadi kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu. Munyu kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya potasiamu. Hilo neno la kwanza, kaboneti, ndilo linalopika. Huyafanya maji kuwa ya alkali, yaani kinyume cha maji ya limau, na maji ya namna hiyo huyeyusha ile gundi inayoshikilia ganda la haragwe na kuta za majani magumu. Ndiyo maana githeri yenye magadi huiva haraka na kukuokolea gesi, na mrenda wenye munyu hulainika na kuteleza kooni bila kuombwa.

Tena mboga hubaki kijani. Majani yana asidi yake, na yakichemka asidi hiyo hung'oa madini ya magnesi yaliyo katikati ya ile rangi ya kijani, mboga ikageuka kaki kama sare ya askari wa kaunti. Alkali huituliza asidi hiyo. Lakini kuna gharama: vitamini C huharibika haraka zaidi kwenye maji ya alkali, na ile vitamini B1 iliyo kwenye maharagwe pia. Kijani unachokiona kwenye sahani si lazima kiwe ushahidi kwamba kilichomo bado kipo.

Sasa njoo kwenye asili, kwa sababu hapo ndipo ndugu hawa wanapoachana.

Magadi yanatoka ardhini. Ukiwahi kupita Kiserian, ukateremka Olorgesailie hadi barabara inapoishia kwenye joto, takriban kilomita 120 kutoka Nairobi, utafika Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado. Kwa mbali utadhani ni theluji imekosea njia. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi. Maji hupita ndani yake, huibuka kama chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa, kisha jua huyakausha na kuacha tabaka juu ya tabaka la mawe ya magadi. Watu wanayachimba kibiashara tangu kampuni ya kwanza ilipoanzishwa mwaka 1911, reli ikajengwa kutoka Konza, na leo kazi hiyo iko mikononi mwa kampuni ya Tata ya India. Sehemu kubwa ya soda hiyo haiendi kwenye githeri ya mtu. Inaenda kutengeneza vioo. Dirisha lako, na chupa ya ile soda nyingine, zina soda ndani. Hata jina la kinywaji chenyewe lilitoka huku: wa kwanza kutengeneza maji yenye mapovu waliitumia soda ya namna hii, jina likabaki kwenye chupa hata baada ya soda kuondoka.

Munyu hautoki ardhini moja kwa moja. Unatoka kwenye mmea. Kukhu alikuwa akimaliza kupura maharagwe, hatupi maganda wala mabua. Anayakausha, anayachoma, anachukua jivu lililo jeupe na kulitia kwenye chungu kikuukuu chenye matundu chini. Anamwaga maji juu, polepole, na chini kunadondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Ukiyashika kwa vidole yanateleza, maana yameshaanza kugeuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Mwingine hutumia maganda ya ndizi yaliyokauka, mwingine mabunzi ya mahindi.

Kwa nini jivu lina potasiamu na si sodiamu? Kwa sababu mmea ni mchaguzi. Udongo una vyote viwili, lakini mizizi ya mimea mingi ya nchi kavu inaitaka potasiamu, ndiyo inayosaidia kupanga maji ndani ya seli na kufungua vile vitundu vya majani, na inaizuia sodiamu isiingie kwa wingi. Ukichoma mmea, maji na kaboni vinapaa, potasiamu inabaki chini kama hela iliyosahaulika mfukoni mwa suruali.

Neno potashi lenyewe linasema hivyohivyo. Ni neno la Wazungu lenye maana ya jivu la chungu, kwa kuwa nao walichuja jivu la kuni na kuchemsha maji yake kwenye vyungu vikubwa vya chuma hadi yakauke. Ilikuwa biashara kubwa. Hati ya kwanza kabisa ya hakimiliki ya uvumbuzi iliyotolewa na serikali ya Marekani, mwaka 1790, ilikuwa ya mtu anayeitwa Samuel Hopkins, na uvumbuzi wake ulikuwa njia bora ya kutengeneza potashi. George Washington akaitia sahihi. Kukhu alikuwa akifanya kazi hiyo nyuma ya nyumba, na hakuna aliyetia sahihi popote.

Na usimcheke mama kwa kuchanganya. Wasomi wa Ulaya nao walichanganya kwa karne nyingi, tena walikuwa na sababu nzuri: kwao vyote viwili vilitoka kwenye jivu. Waliochoma miti ya msitu walipata potashi. Waliochoma mimea ya ufukweni, inayoishi kwenye chumvi, kama walivyofanya Wahispania, walipata soda. Jivu ni jivu, wakasema. Neno alkali lenyewe ni la Kiarabu, al-qali, jivu. Ni mwaka 1736 ambapo Mfaransa Duhamel du Monceau alionyesha kwamba kilichomo kwenye soda ndicho kilichomo kwenye chumvi ya mezani, na kwamba potashi ni kitu kingine. Rudia sentensi hiyo polepole, ukimfikiria mama yangu na kijiko chake. Soda na chumvi vina kitu kimoja ndani.

Baadaye Mjerumani Andreas Marggraf aliona kwamba vikichomwa, kimoja kinatoa moto wa manjano na kingine wa zambarau hafifu. Wewe pia umeliona hilo. Siku maji ya githeri yalipofurika na kumwagikia jiko la gesi, moto wa samawati uligeuka manjano ghafla, si ndiyo? Ile ilikuwa sodiamu inakusalimia. Zambarau ya potasiamu ni vigumu kuiona jikoni, kwa sababu hata sodiamu kidogo tu huifunika.

Kisha Oktoba 1807 kijana wa miaka 28, Humphry Davy wa Uingereza, akapitisha umeme ndani ya potashi iliyoyeyuka, ikatoka metali inayong'aa na kuwaka yenyewe. Siku chache baadaye akafanya vivyo hivyo kwa soda. Hapo ndipo dunia ilipopata potasiamu na sodiamu, kila moja na jina lake. Kama ulikesha ukikariri jedwali la elementi na ukajiuliza kwa nini sodiamu ni Na na potasiamu ni K, jibu ni hili. K ni kalium, kutoka kwenye lile jivu la Kiarabu. Na ni natrium, kutoka natron, jina la kale la magadi. Ziwa Natron liko upande wa pili wa mpaka, Tanzania, jirani kabisa na Magadi. Mwalimu wangu wa kemia hakutuambia, na kwa kweli hatukumuuliza.

Turudi Kayole.

Madhara ya chumvi kwa mwenye presha hayatoki kwenye ule ukali wa ulimini. Yanatoka kwenye sodiamu, ambayo huufanya mwili kushikilia maji, damu ikaongezeka kwenye mishipa, presha ikapanda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na kijiko kidogo cha chumvi, gramu 5. Sasa piga hesabu. Gramu 5 za magadi yaliyo safi zina takriban miligramu 1,500 za sodiamu. Robo tatu ya siku nzima, kwenye sufuria moja, na mama anaishi peke yake siku nyingi. Kijiko kidogo cha soda ya kuokea, ile ya kuumulia mandazi na keki, kina zaidi ya miligramu 1,200. Zote hizo haziongezi ladha ya chumvi, kwa hivyo ulimi haukuonyi. Mama aliondoa sodiamu mezani akairudisha kupitia mlango wa jikoni, kwa moyo safi kabisa.

Ukichemsha maharagwe kwa magadi ukamwaga maji ya kwanza, sehemu ya sodiamu inaondoka nayo. Lakini mrenda nani anamwaga maji yake? Mchuzi ndio chakula.

Kuna jambo la pili kuhusu magadi ambalo halizungumzwi sana: floridi. Maji na magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na utafiti uliofanywa Tanzania umeyahusisha magadi ya kupikia na yale meno ya rangi ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia maeneo hayo. Meno huathirika yanapokuwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kwa hivyo anayepaswa kuangaliwa ni mtoto mdogo wa hapo nyumbani kabla yako wewe.

Basi munyu ndio salama? Nilikaribia kumwambia mama hivyo. Potasiamu, kwa mtu mwenye figo nzima, ni rafiki wa presha. Husaidia figo kutoa sodiamu nje, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku, hasa kutoka kwenye vyakula kama maharagwe, ndizi, viazi na mboga. Lakini figo zikiwa zimechoka, na presha ya muda mrefu huzichosha, potasiamu haitoki. Inajikusanya kwenye damu, na ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuyasimamisha. Baadhi ya dawa za presha pia hufanya mwili kuishikilia potasiamu. Mtu anayekwambia kwenye TikTok kwamba "munyu wa asili hauna madhara" hajui figo zako zikoje, na pengine hajui zake.

Nje ya jikoni tofauti hii inaweza kukuchoma mikono, kihalisi. Jamaa yangu mmoja wa Githurai aliamua kuanzisha hasla ya sabuni ya maji. Si ile ya kukoroga ungerol na kuongeza rangi, hapana, yeye alitaka sabuni ya kweli, ya mafuta na alkali, kama alivyoona kwenye video ya watu wa ng'ambo. Video ilisema gramu 140 za potashi kali. Dukani akaambiwa hiyo haipo, chukua soda kali, ni mamoja. Akachukua. Akapima gramu 140, akapika, akajaza mitungi sita ya lita tano, akalala akiota wateja.

Asubuhi mitungi ilikuwa migumu kama mawe. Potashi kali ikikutana na mafuta hutoa sabuni laini, inayoyeyuka vizuri majini. Soda kali hutoa kipande kigumu. Hiyo ndiyo tofauti ya sabuni ya mche na sabuni ya maji tangu enzi na enzi. Lakini kugandamana kulikuwa nusu tu ya tatizo lake. Chembe ya soda ni nyepesi kuliko ya potashi, kwa hivyo kazi inayofanywa na gramu 140 za potashi kali hufanywa na gramu 100 tu za soda kali. Yeye alitia 40 za ziada, ambazo hazikupata mafuta ya kula, zikabaki ndani ya sabuni zikingoja ngozi. Alikata mtungi mmoja kwa kisu, akaosha sufuria kwa kipande alichokitoa, na kwa wiki nzima alisalimia watu kwa kiwiko. Kwa hivyo ukiandikiwa potashi, nunua potashi. Ukiandikiwa soda, nunua soda. Muuzaji akikwambia ni mamoja, mwombe anawe nayo.

Na kama una gunia la sukuma kwenye balkoni, hapa nitapita haraka. Mfuko wa mbolea ulioandikwa 17-17-17, ile 17 ya mwisho ni potashi. Jivu la jiko la makaa lina potashi hiyohiyo, kiganja kimoja kwa gunia kinatosha, na usilichanganye na mbolea ya CAN au DAP kwa wakati mmoja kwa sababu litafukuza naitrojeni hewani, utainusa ikienda. Magadi usiyatie kwenye gunia hata siku moja. Sodiamu inaukandamiza udongo, na sukuma haina kazi nayo.

Mama hakuamini hesabu zangu za miligramu. Alitaka kuona. Kwa hivyo nilinunua chupa ya munyu Kangemi, nikauchemsha kwake hadi maji yakaisha na kubaki unga wa rangi ya kijivu kikahawia. Nikaweka kijiko kimoja kwenye kisahani. Kwenye kisahani cha pili nikaweka magadi yaliyopondwa. Viwili vikakaa juu ya kabati usiku kucha.

Asubuhi magadi yalikuwa makavu vilevile. Munyu ulikuwa umelowa, umejitengenezea kidimbwi chake, maana potashi hunywa unyevu wa hewani. Mama akaitisha miwani. Akagusa kimoja, akagusa kingine, akanusa.

"Kumbe si ndugu," akasema.

"Ni ndugu, mama. Hawakai nyumba moja."

Akachukua kile kipande cha gazeti chenye magadi, akakifunga vizuri na kumpa jirani anayefuga ng'ombe. Kisha akanigeukia: nikienda ushago Agosti nimletee maganda ya maharagwe, gunia zima. Nilimwambia tungoje kwanza vipimo vya figo, na kwamba amtajie muuguzi dawa zote anazomeza, hata zile za kaunta. Majibu yanatoka Alhamisi. Mpaka siku hiyo mrenda tunaupika kwa maji, nyanya na kitunguu, unachukua muda mrefu kulainika, naye analalamika kila kijiko.